Honi Arudi Hewani

Simu ilimkuta Honi kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima kama cha mtu aliyeona jini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni ya dada yake, shingo imekazwa upande mmoja, na dada mtu hakuwa mtu wa kukatizwa kazi. Mkuu wa vipindi wa redio alikuwa anapiga. Honi akanyoosha mkono.

"Ukigeuka, msuko wote utakwenda kombo," dada alimwonya.

"Ni Mkuu, dada."

"Hata awe nani. Weka sauti ya nje uongee ukiwa umetulia."

Basi saluni nzima ikasikia.

"Honi, uko wapi? Mtangazaji wetu amekimbizwa hospitali alfajiri, kidole tumbo. Wameshamfanyia upasuaji, anaendelea vizuri. Lakini kesho ni fainali ya wanawake na mimi sina mtu. Yaani ninaye, ila mtu mwenyewe ni wewe. Unaweza?"

Honi alifungua mdomo, maneno yakagoma kutoka. Mtu aliyenyamazishwa tangu utoto, darasani, mezani, hata msibani, siku hiyo akawa bubu. Dada yake hakungoja. Aliinamia simu, kitana kikiwa bado mdomoni.

"Anaweza! Kesho saa ngapi? Anaweza kabisa!"

Vigelegele vikapasuka. Msusi msaidizi akarusha taulo juu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele na hasikii chochote, akatoa kichwa nje na kuuliza, "Nani kazaa?"

"Hakuna aliyezaa, mama! Mdogo wangu anatangaza fainali!"

"Basi hongera, na Mungu amkuze," akasema yule mama, akarudisha kichwa ndani.

Honi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakujua kama ni furaha au woga. Alijua tu kwamba moyo wake ulikuwa unadunda kama mpira kwenye sakafu ya saruji, na kwamba hajausikia ukidunda hivyo kwa muda mrefu.

Jina la Honi alilipata utotoni. Watoto wa mtaani walikuwa wanacheza mpira kwenye uwazi mbele ya nyumba yao, naye hupanda ngazi za nje na kuwatangaza, kopo tupu mdomoni. Sheria ya kuotea alikuwa haijui hata kwa mbali, lakini kupandisha sauti alijua. Goli likikaribia, sauti ilianza chini, ikapanda, ikapanda, mpaka majirani wakafungua madirisha. Wengine walifungua ili wamgombeze, wakajikuta wanauliza ni nani anaongoza. Alipokua, kituo cha redio kikamchukua. Akawa mwanamke wa kwanza pale kutangaza mpira moja kwa moja, na madereva wa teksi wakawa wanakataa abiria ili wasikilize dakika za mwisho.

Kisha kituo kikafungua televisheni, na Honi akapewa sura.

Usiku wa kwanza tu wa matangazo hayo, mtu mmoja aliandika mtandaoni: "Kumbe ndiye huyu? Redioni alikuwa mwembamba." Maneno hayo yalisambaa kama moto wa nyasi. Watu walicheka, na Honi naye alicheka, tena kwa sauti, hewani, ili aonekane hajali. Ila kicheko kiliishia mdomoni. Maneno yenyewe yaliteremka yakaenda kukaa mahali asipoweza kuyafikia.

Alianza kuruka chakula cha mchana, kisha cha jioni. Njaa ilipomzidi alikula kwa siri, haraka haraka, vitu asivyovitamani hata, kisha akajifungia bafuni na kujitapisha. Kichwa chake kilikuwa na kelele mchana kutwa, na kujitapisha kulizima zile kelele. Lakini kwa muda mfupi tu. Baadaye zilirudi zikiwa zimeleta na jamaa zake. Watu wakamwambia amependeza. Kila aliposifiwa, alizama kidogo zaidi.

Kilichomwumbua ni sauti. Katika mechi moja ya ligi, mshambuliaji alibaki na kipa, Honi akapandisha sauti kama alivyozoea, na goli lilipoingia kikamtoka kitu kama mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Alijaribu tena. Kimya. Wasikilizaji walidhani redio zao zimekufa.

Daktari wa koo, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimchungulia kwa muda mrefu kisha akavuta kiti karibu.

"Koo lako limeungua, binti yangu. Hii ni tindikali ya tumbo. Unatapika mara kwa mara?"

"Hapana, daktari."

"Sikuulizi ili nikugombeze."

Basi hapo Honi alilia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo peke yake mpaka akasahau kwamba ni mzigo.

Daktari ndiye aliyempeleka kwa mshauri, na mshauri akampeleka kwenye kikundi cha wanawake waliokutana katika chumba cha nyuma cha maktaba, viti vimepangwa duara. Siku ya kwanza Honi alidhani atawakuta wasichana waliokonda. Alimkuta mwalimu wa hesabu, bibi mwenye wajukuu, mwanafunzi wa sheria, na mwanamke wa miraba minne, askari wa usalama barabarani, ambaye wote walimwita Trafiki. Wengine walikuwa wembamba, wengine wanene, wengine ungewapita njiani usidhani wana neno. Mshauri aliwaambia kwamba ule ni ugonjwa, si maringo wala si tabia mbaya, na kwamba ugonjwa una matibabu. Trafiki, ambaye alipambana nao kwa miaka mingi ndani ya sare zake, alikuwa na namna yake ya kusema jambo hilohilo.

"Ile hamu ya kukimbilia bafuni ina haraka," alimwambia Honi, kiganja kimeinuliwa kama anayesimamisha lori. "Inapiga honi, inamulika taa, inataka ipite sasa hivi. Wewe simama katikati ya barabara. Wewe huna haraka. Itachoka, itazima injini."

Haikuwa njia iliyonyooka. Honi alipona, akaanguka, akainuka, akaanguka vibaya zaidi, akaficha, akakiri. Dada yake mwanzoni hakuelewa kitu. Alisema, "Si ule tu, basi! Kuna ugumu gani?" Akawa analinda mlango wa bafu kama mlinzi wa benki, na wawili hao wakagombana mpaka wakanuniana. Kisha dada akaenda mwenyewe kuonana na mshauri, akarudi kimya. Tangu siku hiyo aliacha kulinda mlango. Badala yake, baada ya kula, alikaa na mdogo wake kwenye kochi na kumsimulia umbea wa saluni, nani kaachwa, nani karudiwa, mpaka ile saa ngumu ikapita bila wao kuiona. Polepole koo lilipona. Redio ikamrudisha, lakini studioni tu, kusoma matokeo. Tangu sauti ilipokatika, hakuwa ametangaza mechi hata moja.

Na sasa fainali.

Alipotoka saluni, msuko umemalizika na kichwa kinamwasha, alimpigia mshauri simu palepale kibarazani.

"Nimefurahi mpaka naogopa!"

Mshauri alicheka. "Moyo unakwenda mbio vilevile, uwe umefurahi au umeogopa. Hongera sana, mpenzi. Kesho mchana utakula saa ngapi?"

"Mimi nakuambia fainali, wewe unaniuliza kula?"

"Na mimi nakuuliza fainali utaitangaza na tumbo gani."

Mshauri alijua alichouliza. Siku za huzuni Honi alikuwa ameshajifunza kuziona zikija. Zilizokuwa zikimponza ni siku za furaha, siku za pilikapilika, ambazo mtu anasema leo sina muda wa kula, nitakula baadaye. Ile baadaye ndiyo iliyomwangusha mara nyingi. Basi wakapanga pamoja, palepale kwenye simu: kifungua kinywa nyumbani, chakula cha mchana uwanjani kabla ya mechi, ndizi wakati wa mapumziko.

"Na mkienda muda wa nyongeza?" mshauri akauliza.

"Nitaweka ndizi mbili!"

Asubuhi dada alimletea mayai na mkate na chai, akakaa mbele yake akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Alipoona sahani imebaki tupu alimpa chombo cha wali na kuku kilichofungwa kwa kitambaa, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Nenda ukapasue masikio ya watu."

Teksi iliganda kabla hata ya kuuona uwanja. Magari yalikuwa yamejaa, bendera zinatoka madirishani, wasichana waliojipaka rangi usoni wanakimbia kati ya magari wakiimba. Honi alitoa kichwa nje. Hakuwa na subira hata chembe. Mbele kabisa, kwenye makutano, aliona glavu nyeupe zikipaa hewani na kusikia filimbi anayoijua.

"Trafiki!" aliita kwa sauti ile ya kwenye ngazi.

Nusu ya barabara iligeuka. Trafiki naye aligeuka, akaona, na uso wa kazi ukamtoka. Alisimamisha basi, akasimamisha lori la soda, akarudisha nyuma gari moja kubwa jeusi lililokuwa linajitia lina haki, akaifungulia teksi njia kama ya kiongozi wa nchi. Ilipofika usawa wake, aliinama dirishani.

"Umekula?"

"Asubuhi ndiyo. Cha mchana hiki hapa."

"Ile hamu ikija?"

"Ina haraka. Mimi sina."

"Haya, pita! Usiniharibie foleni!" Na filimbi ikalia kwa nguvu kuliko sheria inavyoruhusu.

Chumba cha watangazaji kilikuwa juu kabisa ya jukwaa, kidogo kama kibanda cha kuku, kioo mbele na uwanja wote chini yake ukiwaka rangi mbili, nyekundu upande huu, kijani upande ule. Honi alibaki mlangoni, mdomo wazi. Ngoma zilikuwa zinapigwa na sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya viatu vyake. Ndani alikuwapo mchambuzi, golikipa mstaafu aliyeitwa Ukuta, mtu mpana kiasi kwamba kiti chake kilionekana kama cha chekechea. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, karibu mdogo wangu. Nafasi ni ndogo, ila nikivuta pumzi utaenea."

Kabla hajakaa, akaingia msichana wa mavazi kutoka upande wa televisheni, blauzi ya kung'aa mkononi. Kumbe kulikuwa na kamera pembeni ya chumba, wataonyeshwa kila baada ya muda. Blauzi ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya mtu mwingine, huenda ya mwanasesere.

"Hainifungi," Honi alisema.

"Ukivuta tumbo ndani na kubana pumzi, itafunga," yule msichana alimshauri kwa nia njema.

"Nikibana pumzi nitatangaza na nini?"

Ukuta akaangua kicheko, lakini Honi hakucheka. Sauti ya zamani ilikuwa imeshainua kichwa ndani yake: unaona, hata nguo imekukataa. Uso ulimwaka moto. Mkuu wa vipindi akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, akauliza kuna nini.

"Mkuu, uliponipigia ulitaka sauti," Honi alisema. Hakuteremsha macho. "Sauti inatoka hapa tumboni, si kooni. Hapa pakibanwa, mtapata mlio wa bawaba, na unaukumbuka ule mlio. Nitavaa shati langu."

Shati lake lilikuwa la manjano, pana, la pamba. Mkuu alitazama blauzi, akatazama shati, akatazama saa.

"Vaa hata shuka," alisema. "Mradi nisikie goli."

Wakabaki wawili. Honi akafungua chombo chake, Ukuta akafungua chake, ambacho kilikuwa kama ndoo. Wakala. Honi alikula wali, akala kuku, hakukimbia wala hakuzungusha chakula sahanini. Alipomaliza, aliweka kijiko chini na kushusha pumzi.

Hapo ndipo ilipokuja.

Ilikuja kwa kishindo, kama mshauri alivyosema kwamba siku kubwa huja na wimbi kubwa. Blauzi, kamera, tumbo lililojaa, nchi nzima itamwona. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, alikiona alipokuwa anapanda. Mlango wa bluu. Alijua kabisa ingechukua muda mfupi tu na hakuna ambaye angejua. Alishasimama. Mkono ulishashika kitasa.

"Unakwenda wapi, dada? Wanakaribia kutoka," Ukuta alisema.

Honi aligeuka.

"Kaka, naomba uniongeleshe."

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote. Nilikuwa naumwa. Ugonjwa wa kula na kujitapisha. Natibiwa, naendelea vizuri, ila sasa hivi hamu yake inaniita nje. Nikiingoja itapita. Niongeleshe tu."

Ukuta alimtazama. Alijikuna shingo, akameza mate. Honi akadhani ameharibu kila kitu. Kisha lile jitu likavuta kiti chake kidogo, likamwekea nafasi, likaanza.

"Niliwahi kufungwa goli tobo kwenye fainali. Tobo! Mpira umepita hapa katikati ya miguu, mimi nimekaa kama kuku anayetaga. Mke wangu alikuwa jukwaani. Aliondoka kwa mlango wa nyuma."

Honi alikaa.

"Imepita?" Ukuta akauliza.

"Bado. Endelea."

"Haya. Kuna siku nilidaka mpira, nikaubusu, nikaurusha kwa beki wangu. Kumbe si beki wangu. Jezi zimefanana kwa matope. Jamaa aliniambia asante kabla ya kufunga."

Kicheko kilimtoka Honi kupitia puani.

"Imepita sasa?"

"Karibu. Kwani ulifungwa mangapi wewe?"

"Dada, usifungue hilo. Leo tuna mechi moja tu, muda hautatosha."

Na wakati anacheka, ameshika meza kwa mikono miwili, Honi alihisi lile wimbi likilegea. Halikuondoka mara moja. Lilirudi nyuma kidogo, likasogea tena, likachoka. Tumbo lake lilikuwa tumbo tu, lenye wali ndani yake. Chini, mlango wa wachezaji ulifunguka na uwanja mzima ukasimama.

Taa nyekundu ikawaka. Honi akavaa spika za masikioni, akasogeza kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, kina mama na kina baba, uliye jikoni, uliye barabarani, uliye kazini umejificha usionwe na bosi, karibu! Mimi ni Honi, na nimerudi!"

Mechi yenyewe haikuwa na adabu. Wekundu walianza kwa kasi kama wamechelewa basi. Winga wao, msichana mwembamba mwenye mkanda mweupe kichwani, alimvisha kanzu beki wa kwanza, mpira ukampita juu ya kichwa, akamtoka wa pili, akapiga krosi, na kabla kipa wa Kijani hajajua mpira uko wapi, ulikuwa wavuni. Honi alilitangaza lile goli katikati ya sauti. Hakupanda mpaka juu. Aliogopa. Ukuta alilisikia hilo, akamtazama.

Wakati wa mapumziko alimenya ndizi yake. Akiwa katikati ya kuitafuna, Mkuu akaingia na simu mkononi.

"Kamera imekuonyesha unakula! Watu wanaandika huko, we acha tu!" alisema. "Unataka kuona?"

Mkono wa Honi uliinuka wenyewe kwa mazoea ya zamani. Kisha akaurudisha kwenye ndizi.

"Sitaki."

"Wengi wanakusifu lakini."

"Hata hao sitaki, Mkuu. Niache nile."

Kipindi cha pili Kijani wakamwingiza nahodha wao. Watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu alikuwa amejifungua mapacha na hakuna aliyetegemea angerudi msimu ule. Hakuwa na kasi ya zamani. Alikuwa mzito kidogo, anakimbia kwa hesabu, lakini kila mpira uliofika miguuni mwake ulitulia kana kwamba umefika kwao.

"Mtazame Mama Pacha," Honi alisema, na sauti ikaanza kuteremka, ikajikunja kama paka anayetaka kuruka. "Anapokea. Anamtazama beki, beki anamtazama yeye. Anamwambia nyumbani nimeacha watoto wawili na wote wanalia, wewe utaniogopesha kwa lipi? Anageuka! Tobo! Kaka Ukuta, ni tobo!"

"Nimeiona, dada, na imeniuma!"

"Anaingia kumi na nane! Anapiga! Umegonga mwamba, mtambaa panya! Unarudi uwanjani, unarudi kwake, kichwa..."

Na hapo hapakuwa na muda wa kuogopa. Sauti ilipanda. Ilitoka tumboni, ikapita kooni bila kukwaruza, ikapanda, ikapita mahali ilipokatika siku ile, ikaendelea kupanda. "Gooooooli!" Iliendelea mpaka Ukuta akatazama saa, mpaka Mkuu aliyekuwa mlangoni akashika kichwa, mpaka watazamaji wa jukwaa la chini wakageuka na kutazama kioo. Haikukwama popote. Ilipokwisha, ilikwisha kwa sababu yeye mwenyewe aliamua iishe.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alipangusa kwa mkono wa shati na kuendelea, maana mpira hausubiri mtu.

Muda wa nyongeza ukaja. Alikula ndizi ya pili amesimama, anatangaza kwa mdomo uliojaa, na hakuna msikilizaji aliyelalamika. Wekundu walipiga mwamba. Kipa wa Kijani aliruka akautoa mpira mmoja kwa ncha za vidole, na Ukuta akapiga meza mpaka chupa za maji zikaanguka. Kisha, refa akiwa tayari ameweka filimbi karibu na mdomo, Kijani wakapata kona.

"Kila mtu yuko ndani," Honi alisema, sasa kwa kunong'ona, na kote zilikokuwa redio watu wakasogea karibu. "Hata kipa amepanda. Jamani, hata kipa! Goli lao liko tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Kona inapigwa. Inapanda. Inashuka. Kipa wa Wekundu anaupangua, unadondoka nje ya boksi, nani yupo pale, nani yupo pale? Ni Mama Pacha! Hajauzuia! Anapiga vilevile ulivyo!"

Lile goli la pili la Kijani, wanaolisimulia hawakubaliani ni nini hasa Honi alisema. Wengine wanasema alisema "goli". Wengine wanasema hakusema neno lolote la Kiswahili wala la lugha nyingine. Ukuta, ambaye alikuwa pale, anasema aliinuliwa hewani na mwanamke nusu ya uzito wake, na kwamba yuko tayari kuapa.

Filimbi ikalia. Kijani wakalala nyasini, wakalia, wakaamka, wakakimbia ovyo. Simu ya Honi ikawaka: dada anapiga, hakuna kinachosikika ila saluni nzima inapiga kelele na sauti ya yule mama mtu mzima inauliza ni wavulana au wasichana. Alicheka, akakata, akavua spika. Mkuu alikuwa ameshamkumbatia Ukuta kwa bahati mbaya.

"Ligi yote ya wanawake ni yako," Mkuu alimwambia. "Msimu mzima. Sema ndiyo."

Honi alikuwa anahema kama aliyecheza. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Aliishikilia kidogo.

"Ndiyo, ila sikiliza. Kila mechi kuwe na muda wa kula kwenye ratiba, kwa kila anayefanya kazi humu. Nguo nachagua mwenyewe. Halafu Mkuu, zipo siku nitashindwa. Ni ugonjwa, una siku zake. Nikikuambia leo siwezi, usiniulize mara mbili, na usidhani nimekwisha."

Mkuu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelewa kitu kwa mara ya kwanza na hataki kukidondosha.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa kimbia chini, mahojiano na nahodha ni sasa hivi, tuko hewani!"

Aliruka ngazi, shati la manjano linapepea, kipaza sauti mkononi, akapenya kati ya wapiga picha na maua na watu wanaolia. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa uwanja, soksi zimeshushwa, usoni matope na machozi, na mtu alikuwa ameshampa mkate mkubwa uliojazwa mayai. Aliinua macho, shavu moja limevimba.

"Wewe ndiye Honi? Samahani, mwenzangu, nina njaa ya kufa. Naweza kujibu huku natafuna?"

Honi alijitupa nyasini kando yake. Tumbo lake lilinguruma mbele ya nchi nzima, na alilisikia, na akacheka.

"Nikatie na mimi kipande," alisema, "halafu tuanzie kwenye lile tobo."